Lori la mwanangu, saini yangu

Assalamu alaikum Mama,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala, kwa sababu mchana sipati nafasi ya kuwaza jambo hili bila simu kulia na jirani kuniuliza kama maji yamefika.

Naishi Malindi, upande wa barabara ya Casuarina, katika nyumba za ghorofa zilizo ndani ya ua mmoja. Nyumba ni 24. Kumi na moja ni zetu tunaoishi hapa mwaka mzima, wenyeji na watu wa bara waliokuja kikazi. Tisa ni za Waitaliano wanaokuja msimu tu, na nne ni za Wakenya walio ng'ambo. Kila mwezi tunalipa ada ya huduma, nayo ndiyo inayolipa walinzi, umeme wa pampu, mtunza bustani, dawa ya bwawa la kuogelea na makuti ya banda yakichakaa. Tuna kamati ya watu watano. Mimi ni mweka hazina, huu mwaka wa tatu.

Wajua shida ya maji ya mji huu. Yanatoka Baricho, mto Sabaki, na likitokea jambo huko, mabomba yetu hukauka. Kisima cha humu uani kiko karibu na bahari, maji yake ni chumvi, hata nguo hazitakati. Februari mwaka huu tulikaa siku kumi na moja bila tone. Lori la maji la lita 10,000 tulikuwa tukiuziwa Sh 8,000, tena kwa kubembeleza. Siku hiyo mwenyekiti akaniambia, "Wewe si una kijana mwenye lori? Mwite basi, watu wanateseka." Kijana huyo ni mtoto wa marehemu dadangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita, na ingawa ananiita mama mdogo, kwangu ni mwanangu. Nikampigia simu, akaja usiku uleule, akatutoza Sh 6,500.

Tangu siku hiyo ni yeye anayeleta. Nimehesabu risiti, zimefika safari 70. Hesabu ni nyepesi: nimewaokolea wenye nyumba Sh 105,000. Hundi nazisaini mimi na mwenyekiti, kila kitu kimo daftarini, na sijachukua hata shilingi ya mtu. Siku moja moja akimaliza kujaza tangi kubwa, yale maji yanayobaki ndani ya lori hunimiminia kwenye tangi langu la juu, lakini hayo ni mabaki tu, angeyarudisha wapi?

Sasa mwezi uliopita mama mmoja wa nyumba za nyuma aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Naomba kujua, mwenye lori la maji ni nani?" Maneno hayo tu. Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikujibu, Mama, na tangu hapo nikipita watu hunyamaza. Nimeumia. Niliwatafutia maji wakati hakuna aliyenyanyua simu, leo naonekana mwizi.

Kuna na la pili, nalo ni zito zaidi. Mwenyekiti wetu ni ami yake mume wangu. Ndiye aliyetusimamia harusi, na nyumbani kwetu neno lake halirudiwi. Kazi yake ni kuangalia zile nyumba tisa za Waitaliano: anazikodisha kwa wageni, anasimamia usafi, na kwa kila mgeni ana fungu lake. Wenyewe wamemwachia barua za kuwapigia kura mikutanoni. Sasa kamati imepanga mkutano mkuu, na ajenda kubwa ni kubomoa vigae vya bwawa na kulijenga upya kabla ya msimu wa Desemba, kila nyumba itoe Sh 60,000. Fundi aliyependekezwa ndiye anayemfanyia kazi kwenye zile nyumba tisa. Mkutanoni huwa hatuzidi watu saba au wanane. Yeye peke yake, kwa kura yake na zile barua, ana kumi.

Nilipomuuliza kwa adabu kama si vizuri tupate bei ya fundi mwingine, alitabasamu akaniambia, "Mwanangu, wewe una maji yako, mimi nina bwawa langu. Funika kombe mwanaharamu apite." Nikanyamaza. Nilipomsimulia mume wangu, akasema Ami ana haki, tusifunuane.

Nifanye nini? Nijiuzulu? Nimkataze kijana asilete maji tena? Na kama bei ilikuwa nafuu, kosa langu hasa ni lipi?

Mweka hazina, Malindi

*

Waalaikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyotaka isomwe: mwanamke aliyewatoa majirani kwenye kiu na sasa anasengenywa. Naamini hilo ni kweli. Mara ya pili nilikwama pale ulipotaja tangi lako la juu. Sentensi hiyo umeipitisha haraka, katikati ya maneno mengine, kama mtu anayevuka barabara bila kutazama. Nitaanzia hapo, kwa sababu majibu ya maswali yako yote yamo ndani yake.

Wenye nyumba wananunua lori la lita 10,000, na wanalipa lita 10,000. Tangi kubwa likijaa na lori bado lina maji, yale yanayobaki ni ya nani? Si ya kijana, ameshalipwa. Si yako. Ni ya nyumba 24. Tuseme amekumiminia mara sita, lita 1,000 kila mara: hizo ni lita 6,000, na kwa bei yake ni Sh 3,900. Fedha hizo si za kumfilisi mtu, na sidhani uliwahi hata kuwaza kwamba ni mali. Lakini yule mama wa nyumba za nyuma, aliyenunua mitungi ya maji dukani wiki ile, akiona bomba la lori linapanda hadi kwenye tangi la mweka hazina, unadhani anaona mabaki? Na tazama jambo jingine: kama tangi kubwa lilijaa kabla lori halijaisha, basi lori liliitwa mapema kuliko ilivyohitajika. Nani aliyeliita? Wewe. Nani aliyeuza? Mwanao. Nani aliyesaini hundi? Wewe. Nani aliyesimama pale langoni kuhakikisha kwamba zile lita 10,000 zilikuwa 10,000 kweli? Bawabu, anayejua huyu ni mtoto wa mama mweka hazina, na mshahara wake unapita mkononi mwako.

Sikushtaki wizi. Nakuonyesha tu kwamba ungekuwa mwizi au mwaminifu, karatasi zingefanana. Hapo ndipo penye kidonda cha mgongano wa maslahi. Mtu mwema hana namna ya kujitofautisha na mbaya, kwa sababu kila mahali ambapo jicho la pili lingetazama, pamekaa yeye mwenyewe.

Waniuliza, bei ikiwa nafuu kosa liko wapi. Swali hili limeulizwa na wengi kabla yako. Mwaka 1854 lilifika kwa majaji wakuu huko London, katika kesi ya kampuni ya reli ya Aberdeen, Uskoti. Mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ile, Blaikie, alikuwa pia mshirika katika kampuni ya vyuma ya Blaikie Brothers. Kampuni ya reli ikaagiza kutoka kwao vyuma vya kushikia reli, kisha ikakataa kuendelea kuvipokea. Wenye vyuma wakadai, mkataba ni mkataba. Majaji wakajibu kwamba mkataba ule hauifungi kampuni ya reli, na kwamba hawatauliza kabisa kama bei ilikuwa ya haki au la. Aliyepewa amana ya kuwasimamia wengine haruhusiwi kujiingiza katika biashara ambamo faida yake inavutana na yao. Mahakama zetu zimerithi msimamo huo pamoja na sheria nyingi za Uingereza.

Kwa nini hawakutaka kuuliza bei? Kwa sababu bei haijulikani mpaka kuwe na mtu anayeivuta chini na mwingine anayeivuta juu. Ulipata Sh 6,500 badala ya 8,000, nawe unahesabu kwamba umeokoa Sh 105,000. Huenda. Lakini Februari ni wakati wa dhiki, kila lori hupandisha bei. Mvua za masika ziliponyesha na mabomba yakarudi kutoa maji siku kadhaa kwa wiki, je, wenye malori wengine hawakushusha? Pengine Juni ungepata lori kwa Sh 5,500. Hukuuliza, na hukuuliza kwa sababu hakuna mama anayempigia simu mwanawe kumwambia punguza, kuna mwenzako nafuu kuliko wewe. Hilo halina uhusiano na uaminifu wako. Ni mapenzi tu, na mapenzi hayo ni halali yake huyo yatima uliyemlea. Ila hundi ile si ya mapenzi, ni ya watu.

Na hili si jambo la Wazungu peke yao. Sisi watu wa Pwani tuliosomeshwa fiqhi ya Kishafii tunalijua tangu chuo cha Kurani. Wakili, yaani mtu aliyepewa mali ya mwenzake aiuze, hajiuzii mwenyewe, wala hamuuzii mtoto wake mdogo, hata akitoa bei nzuri kuliko sokoni. Kuhusu jamaa aliye mtu mzima wanazuoni wana maneno yao, wako wanaoruhusu. Kijana wako ni mtu mzima mwenye lori lake. Kwa hiyo sisemi asiuze maji pale. Nasema asikuuzie wewe, asipimiwe na wewe, na asilipwe na wewe.

Sasa lini hasa ulikosea? Si usiku ule wa Februari. Watu wana kiu, mwenyekiti kakwambia mwite, umemwita, na pengine kila aliyekuwepo alijua. Usiku ule nakupongeza. Kosa lilianza asubuhi yake, au wiki iliyofuata, dharura ilipogeuka kuwa mazoea na hukusimama ukasema: jamani, huyu anayetuletea maji ni mwanangu, kama tunaendelea naye basi hesabu zake zishikwe na mwingine. Maneno hayo yangekuchukua nusu dakika. Yangeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na leo swali la yule mama lingejibiwa na katibu kwa kumtumia picha ya ukurasa. Badala yake limebaki likining'inia kwenye simu za watu 24, na kila siku unayonyamaza linaongezeka uzito. Mwanangu, mjibu yule mama. Mjibu kabla ya mkutano, pale pale kwenye kundi alipouliza, kwa jina lako: mwenye lori ni mtoto wa dadangu niliyemlea, nilipaswa kuwaambia mapema, nitalieleza kamili mkutanoni. Usiongeze hadithi ya kiu na bei nafuu. Hiyo ina mahali pake baadaye.

Sheria inasemaje? Inategemea jumuiya yenu iliandikishwa vipi, kwa hiyo mwombe katibu cheti mkitazame. Nyumba nyingi za ghorofa zina kampuni ya usimamizi, na kila mwenye nyumba ana hisa. Kama nyinyi ni hivyo, basi wewe na Ami ni wakurugenzi, na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamtaka mkurugenzi mwenye maslahi katika biashara yoyote na kampuni ayatangaze kwa wenzake, yawe maslahi ya moja kwa moja au ya kupitia mtu mwingine. Inamkataza pia kupokea manufaa kutoka kwa mtu wa nje kwa sababu ya cheo chake. Hapo lile tangi la juu linaingia. Kama mna hati za kila nyumba peke yake chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, basi wenye nyumba wote kwa pamoja ndio shirika, nanyi wa kamati ni watumishi wao, na sheria hiyo imeweka kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro kabla watu hawajakimbilia kortini. Na kama ni chama tu kilichoandikishwa kwa msajili wa vyama, hesabu na kumbukumbu zenu ziko wazi kwa mwanachama yeyote atakaye kuziona. Kwa vyovyote vile, yule mama ana haki ya jibu. Hakukuchokoza.

Wenzetu wa Marekani, ambako maisha ya jumuiya kama hizi ni ya kawaida sana, wamefika mbali katika hili. Katika jimbo la Florida, jumuiya ya wenye nyumba ikitaka kufanya biashara na mjumbe wa kamati yake au kampuni aliyo na maslahi ndani yake, sharti aseme, maneno yake yaandikwe kwenye kumbukumbu, na wajumbe waliopo wakubali kwa theluthi mbili. Kisha mkutano wa wanachama unaofuata uambiwe kwamba mkataba huo upo, na mwanachama yeyote anaweza kuomba upigiwe kura. Wengi wa waliohudhuria wakisema hapana, unavunjwa. Napenda sana hatua hiyo ya mwisho. Haimkatazi mtoto wa mtu riziki, na wakati huohuo inawaachia wenye mali neno la mwisho. Hakuna kinachowazuia nyinyi watu wa Malindi kuandika kanuni kama hiyo katika katiba yenu ya nyumba 24, ukurasa mmoja tu.

Mkutanoni omba nafasi mwanzo kabisa, kabla ya hesabu na kabla ya bwawa. Simama useme maneno machache. Mwenye lori ni mwanangu wa kulea. Ameleta safari 70 kwa Sh 6,500, jumla Sh 455,000, na hundi zote nimesaini mimi pamoja na mwenyekiti. Sikuwaambia rasmi, nilipaswa kuwaambia. Mara kadhaa maji yaliyobaki yaliingia kwenye tangi langu, nimeyakadiria kuwa lita kadhaa, na fedha zake nimezirudisha, risiti hii hapa. Naomba mtu asiye wa kamati azikague risiti hizi. Kuanzia leo sitaita lori, sitapokea wala kulipia maji. Kisha keti.

Fedha za tangi zilipe kabla ya mkutano, usiahidi kulipa. Kadiria juu kuliko chini.

Baada ya hapo wakijadili nani aendelee kuleta maji, toka ukumbini. Usibaki umekaa ukisema sichangii. Najua wengine wanaona kutoka ni maonyesho, lakini nimekaa kwenye vikao vingi, na nimeona jinsi watu wanavyosoma uso wa mwenzao aliye na jamaa kwenye zabuni. Hakuna anayetaka kumwambia mwanao ana bei ghali nawe umemkabili. Toka, kanywe maji, uitwe wakimaliza. Wapate bei tatu zilizoandikwa, kijana wako akiwa mmojawapo akitaka. Na waweke mita kwenye bomba linaloingia tangi kubwa, isomwe kabla na baada ya kila lori, na atakayesoma asiwe bawabu peke yake. Mita hiyo itamlinda kijana wako kuliko utetezi wako wowote.

Usimkataze kuleta maji. Ukimfukuza kimya kimya, utakuwa umekiri kosa ambalo hajalitenda, na watu watasema alikimbia alipoulizwa. Mkalishe chini umweleze. Mwambie anaweza kushindwa zabuni, na akishindwa usimtafutie mlango wa nyuma.

Kujiuzulu? Si sasa. Mweka hazina anayeondoka wiki moja kabla hesabu hazijatazamwa anaacha harufu mbaya nyuma yake, hata akiwa safi. Tena ukiondoka leo, hundi zinabaki na nani? Kabidhi daftari mkutanoni, likaguliwe, kisha waamue wenyewe kama wanataka uendelee. Wakisema imetosha, shukuru uende. Miaka mitatu ni mingi.

Nakuja kwa Ami.

Huyu ni mzee wako, amekusimamia harusi, na sitakufundisha kumvunjia heshima. Lakini tazama alichofanya kwa sentensi moja. Ulimuuliza habari za fundi, akakujibu habari za lori. Hajakueleza kwa nini fundi yule ni bora. Amekuambia bei ya kunyamaza kwako, na bei yenyewe ni kunyamaza kwake. Funika kombe ni msemo mzuri wa kumsitiri mtu aliyeteleza asiaibike mbele za watu. Hapa anayefunikiwa si mtu aliyeteleza. Zinafunikwa Sh 1,440,000 za nyumba 24, na wenye kupita ni nyinyi wawili.

Kuwa na barua za kura za watu wasiokuwepo si kosa. Mwenye nyumba aliye Italia ana haki ya kuwakilishwa. Kazi yake ya kuangalia nyumba za wageni pia ni kazi ya halali, na mji huu unaishi kwa kazi hiyo. Na sijui hali ya vigae vyenu, pengine bwawa limechakaa kweli. Tatizo ni kwamba Ami analipwa fungu kwa kila mgeni, bwawa jipya linaleta wageni, nyumba tisa anazozisimamia zitavuna Desemba, fundi ni wake, kiti cha mkutano ni chake, na kura zinazoamua ni zake. Mama wa nyumba za nyuma hana mgeni wa kumkodishia. Atatoa Sh 60,000 zilezile.

Na hao Waitaliano wenyewe, wanajua? Barua waliyomwachia inasema nini? Aghalabu barua hizo huandikwa mara moja tu, "nipigie kura katika mambo yote", kisha zikatumika miaka. Waombe kwa utaratibu, kamati nzima, kwamba kwa jambo kubwa kama hili kila mwenye nyumba asiyekuwepo atumiwe ajenda na makadirio ya bei, naye aandike mwenyewe ndiyo au hapana. Siku hizi ni ujumbe wa dakika moja. Wote tisa wakiandika ndiyo, basi ni ndiyo yao, hakuna wa kulalamika. Na wakati wa ajenda hiyo kiti akalie mtu mwingine, makamu au mzee yeyote watakayemchagua, na Ami aeleze fungu lake kama wewe utakavyoeleza lori lako.

Sasa hapa nakusihi kwa nguvu zangu zote. Usimtangaze yeye ili ujisafishe wewe. Jambo lako liseme peke yake, kwanza, bila "hata mwenyekiti naye". Ukilifunga na lake, watu watasikia ugomvi wa jamaa wawili waliokosana kwenye mgao, na ukweli wako utapotea humo. Ukishasema lako ukanyamaza, hana tena cha kukushikia. Swali la fundi utaliuliza baadaye kama mwenye nyumba mwingine yeyote, mikono yako ikiwa mitupu.

Kabla ya mkutano mwendee nyumbani. Nenda na mume wako, baada ya Magharibi, chukua hata kahawa na halua kama mnavyofanya siku zote. Msalimie, umuulize afya yake, kisha umwambie: "Ami, Jumamosi nitasimama niseme habari ya lori la mwanangu. Nimeona nikwambie wewe kwanza kwa heshima, usije ukalisikia ukumbini. Na nimekuja kukuomba, kama mwanao, la bwawa ulitangulie wewe mwenyewe kulisema." Huombi ruhusa. Unamwachia nafasi ya kutoka kwa heshima, na wazee wengi wakipewa nafasi hiyo huichukua. Akikasirika, vumilia, usijibizane. Mume wako akisikia maneno hayo yakisemwa kwa adabu mbele yake, pengine ataona tofauti ya kufunuana na kusema kweli. Nawe mwambie kabla hamjatoka nyumbani kwamba hundi inasomeka jina lako, si la Ami wala lake, na siku ya kuulizwa utakuwa peke yako.

Ami asipokubali na mkutano ukapitisha bwawa kwa zile kura kumi, andikisha kwenye kumbukumbu kwamba uliomba bei ya pili na kwamba mwenyekiti hakutangaza maslahi yake. Wanachama wengine wakitaka kuendelea, njia ya usuluhishi ipo, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa papo hapo Malindi. Ila huko ni mbali, kuna gharama, na majirani wakishapelekana kortini hawarudi kuazimana chumvi. Sidhani mtafika.

Hundi ya maji ya mwezi huu iko mezani kwako, si ndiyo? Usiisaini. Mpe katibu kesho asubuhi, pamoja na risiti, na umwombe aandike tarehe aliyoipokea.